Ramani ya Mjerumani, karatasi ya elfu hamsini, au picha ya setilaiti: ipi ikusaidie kuijua Moshi na Arusha ya zamani?

Aliyesoma jiografia mpaka kidato cha nne anaikumbuka ile karatasi ya ramani iliyokuja na mtihani: mito ya buluu, kontua (mistari ya mwinuko) za kahawia, na swali la kupima urefu wa barabara kwa uzi. Wengi wetu tuliiacha pale pale chumba cha mtihani na hatukuiwaza tena. Sasa nina mvi kidogo na ramani nyingi kuliko mahali pa kuziweka, na vijana wanaotaka kuandika habari za ukoo au za kijiji hunijia na swali moja: "Mjomba, nataka kuona kwetu palikuwaje zamani. Nitafute ramani gani?"

Nami huwarudishia swali: zamani ya lini, na unatafuta kitu gani hasa? Maana anayetafuta mahali Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, alipokuwa na boma lake, anayetafuta mfongo (mfereji wa asili wa Wachagga) uliokauka, na anayetaka kujua msitu ulishuka hadi wapi, hao watatu hawahitaji karatasi moja. Nimeona watu wakihangaika miezi kutafuta ramani ya Mjerumani kwa sababu tu ni kongwe, halafu wakifika nayo kijijini haiwaambii kitu.

Kwa huku kwetu mtu hujikuta amekwama kati ya vitu vitatu: ramani za Wajerumani za skeli ya 1:300,000, karatasi za 1:50,000 zilizoanza enzi za Mwingereza, na picha zilizopigwa kutoka juu, za ndege au za setilaiti. Nitazipitisha zote kwenye maswali yale yale.

Vigezo

Cha kwanza ni kipindi: taarifa zilizomo ni za mwaka gani? Usichanganye na mwaka wa kuchapwa, ambao mara nyingi ni wa baadaye sana. Cha pili ni undani, yaani kitu kidogo kabisa unachoweza kukiona. Cha tatu ni majina. Cha nne ni taabu ya kuipata. Cha tano ni kutembea nayo: ukiiweka kwenye simu na kwenda shambani, itakufikisha?

Watu huniuliza pia kuhusu mipaka ya viwanja, nami nalimaliza hilo mapema. Hakuna hata moja kati ya hizi itakayoamua ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Masale, mimea ya mpakani aliyopanda babu yako, hayamo kwenye karatasi yoyote ya topografia. Kesi ya ardhi ina ramani zake za upimaji wa viwanja na mashahidi wake.

Ramani ya Mjerumani

Hii ilianzwa na Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, ikachapwa Berlin na Dietrich Reimer, karatasi baada ya karatasi, kuanzia miaka ya 1890.

Kipindi. Hapa haina mpinzani. Inakuonyesha nchi kabla ya reli, au reli ikiwa ndiyo kwanza inaingia. Mfano mzuri ni Moshi yenyewe. Leo ukisema Moshi, mtu anafikiria stendi na mnara wa saa. Lakini Moshi ya Wajerumani wa mwanzo ilikuwa juu kule tunakoita Old Moshi, walikojenga boma lao na ambako Mangi Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, ilisimama chini, kwenye tambarare, na mji ukateremka kuifuata. Ndipo ramani zikawa na Moshi mbili, ya zamani na Neu-Moschi. Kwa hiyo ukishika karatasi iliyochorwa kabla ya hapo na kuona neno Moschi, usiweke kidole mjini. Panda nalo mlimani.

Undani. Hapa ndipo inapowaangusha wengi. Sentimita 1 ya karatasi ni kilomita 3 za ardhi. Kijiji kizima cha Kibosho unakifunika kwa ncha ya kidole. Tena haikutokana na upimaji wa kila mahali. Sehemu kubwa iliunganishwa kutokana na njia za wasafiri, maofisa na wamisionari waliotembea na dira na saa mkononi. Walipopita pamejaa maandishi. Wasipopita pako peupe. Mtu asidhani weupe ule ni nyika isiyo na watu. Maana yake ni kwamba msafara haukupita huko.

Majina. Yapo, na ni matamu, ila yameandikwa kwa sikio la Mjerumani. Sch ni sh, dsch ni j au ch, tsch ni ch, j ni y, w yaweza kuwa w au v. Basi Aruscha ni Arusha, Kiboscho ni Kibosho, Madschame ni Machame, Dschagga ni Wachagga. Siri ni kulisoma jina kwa sauti. Niliwahi kumsomea mama mmoja wa makamo jina ambalo kwa macho halikufanana na kitu chochote, na kabla sijamaliza kulitamka akadakia, "Aa, si kwa kina fulani hapo chini ya kanisa!" Jicho langu lilikuwa limeshindwa wiki nzima. Jambo jingine: majina mengi ni ya himaya za kimangi, si ya vijiji kama tunavyovijua sasa.

Kuipata. Ni rahisi kuliko unavyofikiri. Maktaba za Ujerumani zimezipiga skani na kuziweka mtandaoni, unapakua bure. Shida ni ufunguo wa Kijerumani, na maneno yaliyofupishwa kama Bg. kwa mlima na Fl. kwa mto.

Kutembea nayo. Usijaribu kuitegemea. Unaweza kuioanisha na ramani ya leo kwenye kompyuta kwa kushika makutano ya mito na vilele, lakini kosa la kilomita moja na zaidi ni la kawaida. Itumie mezani.

Inamfaa anayefuatilia himaya, njia za misafara, misheni za mwanzo na kuzaliwa kwa miji. Haimfai anayetafuta nyumba.

Nje kidogo ya mstari: kwa kilele chenyewe cha Kilimanjaro ipo kazi nyingine ya Kijerumani, tofauti kabisa. Fritz Klute na Eduard Oehler walipanda mwaka 1912 na kamera za upimaji, na Klute akatoa ramani ya 1:50,000 ya sehemu za juu za mlima. Hiyo ndiyo wanasayansi wanayoanzia kuhesabu barafu: mwaka 1912 ilifunika kama kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Kama swali lako ni barafu, achana na hizi nyingine zote.

Karatasi ya elfu hamsini

Hii ndiyo ile ya mtihani, na nakiri mapema kwamba ndiyo ninayoipenda, kwa hiyo nisome kwa tahadhari.

Kipindi. Zilitengenezwa kutokana na picha za ndege, kwa kazi ya idara ya upimaji ya Tanganyika pamoja na Directorate of Overseas Surveys ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1946. Kwa hiyo dirisha lake ni miaka ya 1950 na kuendelea, na matoleo ya baadaye yameongezewa mambo. Kabla hujafanya lolote, soma pembeni chini kabisa, kwenye maandishi madogo, uone picha zilipigwa mwaka gani. Kama pembe hiyo imekatwa, kama ilivyokuwa kwenye nakala niliyorithi, ramani itakutajia umri wake kwa vitu vilivyokosekana. Je, kuna uwanja wa ndege wa KIA katikati ya Arusha na Moshi? Ulifunguliwa mwaka 1971. Je, kusini kuna ziwa la Nyumba ya Mungu, au ni mito tu inakutana? Lambo lilijengwa miaka ya 1960. Karatasi isiyo na ziwa hilo ni hazina, kwa sababu inakuonyesha ardhi ambayo leo iko chini ya maji, na setilaiti za Landsat zilizoanza mwaka 1972 zilikuta maji yameshajaa.

Lakini dirisha hilo linaweza kukunyima kitu muhimu. Chukua Engare Nanyuki, upande wa Meru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru takriban 3,000 ili kuwapa walowezi mashamba, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalipeleka suala hilo Umoja wa Mataifa, New York. Karatasi ambayo picha zake zilipigwa baada ya hapo haiwezi kukuonyesha maboma yaliyokwisha kuondolewa. Anayetaka kuandika habari za Wameru wale akiishika peke yake ataandika kwamba palikuwa mbuga ya mifugo ya mlowezi tangu dunia iumbwe.

Undani. Sentimita 2 ni kilomita 1. Karatasi moja inabeba dakika 15 kwa 15, karibu kilomita 28 kila upande, kwa hiyo Arusha hadi Moshi ni karatasi nne zilizopangana, na ile yenye mji wa Moshi haifiki Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Unaona shule, kanisa, daraja, njia ya miguu, mpaka wa msitu, mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Na kontua. Hapa nikae kidogo, kwa sababu kontua ndizo zinazowapita watu wengi.

Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro imechanwa na mabonde: Karanga, Weruweru, Kikafu, yote yanateremka kutoka mlimani. Mto wa kweli unazikata kontua. Kila inapouvuka, kontua inajikunja kama herufi V, ncha ikitazama juu. Sasa ukiona mstari mwembamba wa buluu unaotembea karibu sambamba na kontua, ukipita ubavuni mwa tuta badala ya bondeni, jiulize: maji gani hayo yanayokataa kuteremka? Hayo yamepelekwa na watu. Huo ni mfongo. Nimekaa jioni nzima na kioo cha kukuzia, kikombe cha chai kimepoa, nikifuata mstari mmoja hivyo kutoka kwenye banio lake (pale maji yanapochepushwa mtoni) korongoni, unavyozunguka kilima na kufia kwenye migomba. Kesho yake nilipopanda nikakuta ni kijishimo kirefu kilichojaa nyasi, watoto wanakitumia kama njia ya shule. Hawakujua ni nini. Ramani ilijua.

Majina. Mengi na ya karibu, ya vilima, vijito na mashamba ya walowezi, ingawa karani aliyeyaandika naye alikuwa na sikio lake. Urefu kwenye matoleo ya zamani ni kwa futi. Ukiona Kibo ni 19,340, usishtuke. Ndiyo mita 5,895 uliyoizoea.

Kuipata. Anzia Idara ya Upimaji na Ramani, chini ya Wizara ya Ardhi. Jiandae kukuta toleo fulani limekwisha. Skani za mitaani zipo, za ubora wa bahati nasibu. Na ukienda kuchapa, jihadhari na mashine. Mimi nilitoa nakala stationery moja mjini, kijana akabonyeza ile ya kulazimisha ukurasa utoshee, karatasi ikapungua ukubwa bila mimi kujua. Siku hiyo kila umbali nilioupima ulitoka mfupi, nikawa namlaumu mzee wa watu kwamba ametia chumvi kwenye simulizi yake. Tangu hapo naweka rula kwenye mstari wa skeli kabla ya kulipa.

Kutembea nayo. Ni nzuri kuliko zote, ukishajua mtego mmoja. Karatasi hizi zimejengwa juu ya msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, simu yako inatumia msingi mwingine, WGS84. Ukisoma koordineti kwenye karatasi na kuziingiza kwenye simu kama zilivyo, utapelekwa kama mita 300 kaskazini ya mahali penyewe. Kwenye miteremko ya Old Moshi mita 300 ni korongo jingine na ukoo mwingine. Nimeshabisha hodi kwenye uwanja usiohusika, nikakaribishwa mbege, nikashukuru, nikarudi nyumbani sijapata nilichokwenda kutafuta. Dawa ni kuioanisha kwenye programu kama QGIS, ambayo ni ya bure, na kuitajia Arc 1960, kanda ya UTM 37 kusini. Hiyo inashika Arusha na Moshi zote mbili.

Inamfaa anayechunguza kijiji kimoja, mifongo, njia za zamani, mashamba ya walowezi, shule na makanisa.

Picha kutoka juu

Kipindi. Picha za ndege ni za miaka ile ile ya karatasi za elfu hamsini, kwa kuwa ndizo zilizozizaa. Marekani ilikuwa na setilaiti za ujasusi, Corona, kati ya 1960 na 1972, na picha zake zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995. Landsat inaanza 1972. Picha zinazoonekana vizuri kwenye Google Earth, za kuhesabu mabati, kwa sehemu kubwa ni za miaka ya 2000 na kuendelea.

Undani. Inategemea sana. Corona za mwisho zinaona vitu vya mita 2 hivi. Landsat, kuanzia 1982, pikseli yake ni mita 30 kwa 30. Kihamba cha ekari moja ni pikseli nne na kitu. Hutaona nyumba ya babu. Utaona mwelekeo: mji wa Arusha ulivyopanda kuelekea Meru, mashamba ya miwa ya Arusha Chini yalivyotanuka, msitu uliposogea. Na hata picha kali zaidi ina mpinzani ukanda wa juu: migomba, kahawa na migrevilea, ile miti ya kivuli, vimefunika kila kitu, mifongo ndiyo usiseme. Mawingu nayo hayaombi ruhusa.

Majina. Hakuna. Sifuri. Ndiyo tofauti kubwa ya picha na ramani, na pia ndiyo uaminifu wake: hakuna karani aliyeamua lipi liandikwe na lipi liachwe. Mchoraji wa ramani aliweka kanisa na kuruka pale palipofanyiwa matambiko. Picha haikubagua, ila haikuambii palikuwa pa nini.

Kuipata. Landsat ni bure tangu 2008. Corona unaweza kuitazama kwanza ndipo uagize ambayo haijaskaniwa kwa malipo. Unachohitaji ni bando na uvumilivu.

Kutembea nayo. Landsat inaingia kwenye simu bila ugomvi. Corona imepinda, lazima uioanishe mwenyewe.

Inamfaa anayefuatilia mabadiliko ya ardhi kwa miaka hamsini hii, hasa msitu na mji. Mfano wangu wa siku zote ni ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 juu ya vijiji vya Kilimanjaro ili watu wapate kuni na majani bila kuingia msitu wenyewe. Chukua mpaka wa kijani kwenye karatasi ya elfu hamsini, uutandaze juu ya picha ya leo, halafu upande na chupa ya maji uone kilichobaki.

Ukiwa na wazee

Wazee si chaguo la nne la kulinganisha, ila namna ya kuwawekea karatasi inabadilisha kila kitu, na hapo zile tatu zinatofautiana. Picha ya setilaiti kwenye simu haiwasaidii. Kioo kinateleza, mahali panapotea. Ramani ya Mjerumani huwafurahisha kwa majina, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Ya elfu hamsini, ikichapwa kubwa na kulazwa mezani, ndiyo inayofanya mtu avute kiti. Usimwonyeshe kaskazini. Kwetu pande ni mbili, juu na chini, basi weka mlima juu ya karatasi. Kwa mtu wa Moshi au Arusha mjini imekaa hivyo tayari, lakini ukienda Rombo, izungushe magharibi iwe juu. Anza na mito. Akishautambua mto wa kwao, kidole chake kitaenda chenyewe.

Kwa hali yako

Kama unaandika historia ya ukoo na simulizi zinarudi nyuma hadi enzi za mamangi kama Meli, Sina wa Kibosho au Marealle wa Marangu, anza na Mjerumani upate himaya na majina, kisha ushuke kwenye elfu hamsini upate mahali. Usiruke hatua ya pili.

Kama ni mwalimu na unataka wanafunzi watoke nje, chukua elfu hamsini peke yake. Wataikuta kwenye mtihani hata hivyo.

Kama swali lako ni msitu, maji au mji kutanuka, picha ndizo zako, na karatasi ya elfu hamsini iwe mwanzo wa hesabu.

Kama unachunguza watu kuhamishwa, iwe Meru au kwingineko, weka mbili ubavu kwa ubavu, ya kabla na ya baada ya tukio, na uamini kwanza mwaka wa taarifa kuliko uzuri wa uchapaji.

Kama huna kompyuta, ni wewe na simu tu na Jumamosi moja, tafuta skani ya elfu hamsini ya kwenu, chapa kipande chenye kijiji chako kwenye A3, pima skeli kwa rula, na uende nayo kwa bibi kabla hajatoka kwenda sokoni.